Gunia Tupu la Baba

Sisi tuliokua Mpanda wakati watu wazima bado wanaacha jembe shambani kwenda kulishangaa garimoshi, baridi ya mwezi wa sita tunaijua. Unatoka nje alfajiri miguu peku, nyasi zimelowa, meno yanagongana, na mama anakutuma maji kama vile jua limeshatoka. Sweta tulikuwa tunaziona kwa watoto wa karani wa stesheni. Sisi tulikuwa na khanga moja ya mama, na tuliigombania watatu.

Mama alikuwa anauza uji stesheni, kwenye banda la mizigo, na mimi nilikuwa nabeba vikombe. Baba alikuwa nyapara wa makuli sita. Kazi yao ilikuwa kupakia kwenye mabehewa magunia ya mpunga yaliyoletwa na malori kutoka kijiji cha Mamba, na mabonge ya nta yaliyotoka porini, ambayo yalinukia asali mpaka nyuki wakayafuata. Gunia la mpunga lilikuwa linapita ratili mia mbili. Mimi nikiliegemea halitikisiki hata kidogo, na baba alikuwa anapanda nalo ubao mwembamba mpaka ndani ya behewa, shingo imetulia. Nilikuwa namwangalia mdomo wazi mpaka mama ananizaba kofi la mgongo niendelee na vikombe.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa kinatokea kabla ya hapo. Baba hakugusa gunia lenye kitu mpaka mgongo uamke. Ndivyo alivyokuwa anasema, mgongo unachelewa kuamka kuliko mtu mwenyewe. Alikuwa na gunia tupu, limechakaa, ameliviringisha kwapani. Anawapanga wenzake, wanazunguka banda mizunguko mitatu wakitupa mikono. Halafu wanachuchumaa na kuinuka, polepole, gunia tupu likiwa begani kama vile lina mpunga. Kisha debe la mchanga. Kisha nusu gunia, ambalo walikuwa wanaliita mtoto. Mtu mzima, kifua kama mlango, anabeba gunia tupu kwa heshima zote, uso hauna mzaha. Makuli wa kundi la pili walikuwa wanaota moto wa mlinzi na kuwatania, eti nyie mnacheza ngoma ya nani? Baba alichuchumaa tena. Alishawahi kulala miezi miwili kwa sababu ya mgongo, mama akimlisha na kumgeuza, na aliyewahi kulala hivyo hana haja ya kujibu.

Sisi watoto tulifanya mchezo. Tukitoka shule tunajaza mchanga kwenye vifuko vya kaniki, mmoja anakuwa baba, na anayebeba kabla ya kuzunguka mti mara tatu anatolewa. Nilikuwa nyapara mkali sana. Nilimtoa hata dada yangu mkubwa, akanifinya hadi nikalia.

Mwaka huo huo ndipo akaja Mjomba Severini, mdogo wake mama, kijana wa Mamba, mwenye nguvu za kushika fahali pembe. Alitaka kufanya kazi msimu mmoja tu, kisha arudi kuoa. Bibi yetu, mama yake, alimkabidhi kwa baba kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amezika wana wawili. Akamwambia baba, "Mwanaume niliyebaki naye ni huyu. Unirudishie mzima." Baba akaitikia. Mama alikuwa anaikumbusha ahadi hiyo kila jioni, kwenye ugali, kana kwamba ni mboga.

Severini alitupenda na sisi tulimpenda. Alikuwa anatubeba wawili wawili, mmoja kila bega. Ila lile gunia tupu lilimtia aibu. Mabinti wanaokuja kununua uji walikuwa wanacheka, na yeye bwana harusi mtarajiwa anazunguka banda na gunia lisilo na kitu. Akaanza kujificha kwenye moto wa mlinzi.

Asubuhi moja garimoshi lilikuwa limechelewa kufika na sasa linataka kuondoka upesi. Karani akawa anapiga kelele, pakieni, pakieni, behewa linafungwa. Baba na wenzake walikuwa bado kwenye debe la mchanga. Severini akainuka motoni, uso unang'aa kwa jasho, akasema, "Shemeji, mimi nimeshapata moto. Jasho hili hapa."

Baba akamwambia, "Jasho la kuni hilo, la ngozi tu. Mgongo wako bado umelala. Njoo huku."

Alisema mara moja. Karani akamwita, baba akageuza kichwa. Severini hakungoja hata wenzake wamtwike, kama ilivyo kawaida, wawili wananyanyua na mmoja anapokea. Aliinama peke yake, akalikumbatia gunia kutoka chini, akalivuta. Nilikuwa hatua chache kutoka pale. Alitoa pumzi, akapiga magoti, gunia likamwacha likaanguka upande, naye akabaki vile vile ameinama, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mama aliangusha sufuria nzima ya uji. Alikuwa anamwambia baba, "Mbebe, mbebe twende hospitali, unangoja nini?"

Sasa nisikilizeni. Baba alikwenda akaliokota gunia lake tupu. Machozi yanamtoka, nayaona. Akaliweka begani, akachuchumaa, akainuka. Mama anampiga ngumi za mgongoni. Akachuchumaa tena, akainuka. Karani anatukana. Akachuchumaa mara ya tatu. Akasema tu, "Nikianguka naye tutakuwa wawili." Kisha akampokea shemeji yake mgongoni, taratibu, wenzake wakimtwika, akatembea naye njia yote bila kumtikisa, na garimoshi likaondoka na nusu ya mzigo. Nimeishi miaka mingi, sijaona tena mtu mwenye nguvu kiasi kile.

Severini akalala wiki nyingi. Alipoweza kukaa kwenye lori, baba alimrudisha Mamba mwenyewe, na mimi nikaenda nao. Alimshusha mlangoni kwa bibi. Bibi akamtazama mwanawe anavyosimama kwa fimbo, kisha akamtazama baba. "Nilisema mzima," akasema, akaingia ndani. Baba akabaki amesimama uani. Usiku alimwambia Severini maneno ambayo niliyasikia nikiwa nimelala kando, "Nilisema mara moja. Nilipaswa kusema mara ya pili." Asubuhi akamwachia lile gunia tupu. Akamwonyesha namna ya kuinuka nalo, nusu tu, mpaka maumivu yaseme, halafu basi. Kila siku, akamwambia, hata ukichoka kulitazama.

Ukapita mwaka. Mama na bibi hawakutumiana hata salamu. Msimu wa mpunga ulipofika tena, lori la kutoka Mamba likasimama karibu na kwetu, na nani anashuka? Severini, bila fimbo. Alikuwa ameleta debe la mchele mpya, bibi amelituma kwa baba. Debe liko juu ya lori, watu wanataka kuendelea na safari. Yeye akatoa gunia tupu kwapani, akaliweka begani, akachuchumaa, akainuka. Abiria wakapiga kelele, wewe vipi, tunachelewa. Akachuchumaa tena. Mara ya tatu. Ndipo akalipokea debe begani akatembea nalo wima mpaka mlangoni kwetu. Baba alikuwa amesimama kwenye kibaraza, amefunika uso kwa mikono miwili, analia kama mtoto, na sisi watoto tukalia pia bila kujua vizuri kwa nini.

Wote wameshatangulia. Stesheni ipo, banda la siku zile silioni tena. Mjukuu wangu anakwenda jimu hapo mtaa wa Kawajense, ana viatu vya rangi tatu na visikizio masikioni. Anafika, anajipiga picha kwenye kioo, anajipiga nyingine, kisha anainamia vyuma. Kujipasha moto kwenyewe ndiko huko. Sisi hatukuwa na vioo, tulikuwa tunaangaliana migongo.

Jana asubuhi nimechukua fimbo yangu nikaenda huko, nikakaa kwenye benchi lao. Vijana wakanishangaa, bibi kafuata nini? Mjukuu wangu alipoinama kwenye chuma nikamwambia aanze na kile kitupu, kisichofungwa uzito. Akacheka, akasema, "Bibi, mimi nimeshapata moto."

Nikamwambia tena.