Ufunguo wa Choo cha Wakubwa

Watoto wangu wakinisikia nasema niliwahi kufanya mapinduzi, wanacheka. Wanadhani mapinduzi ni bunduki na redio kupiga nyimbo za jeshi. Yetu yalikuwa ya choo. Nayaandika kwa kalamu ya darasa la saba, na wabaya wangu nitawataja kwa vyeo vyao, kwa sababu vyeo walivipenda kuliko majina waliyopewa na mama zao.

Ilikuwa enzi za ruksa. Mjini Morogoro kila kitu kilikuwa kimeanza kuuzwa barabarani, mitumba, televisheni, sabuni za rangi rangi. Na sisi wa kiwanda cha nguo tukaambiwa kiwanda chetu kitauzwa pia, ila kwanza tupunguzwe ili kipendeze kwa mnunuzi, kama kuku anavyonyonyolewa. Kilikuja kuuzwa kweli. Leo ni godauni la saruji, na wote tuliokuwemo tumetawanyika au tumezikwa. Lakini hayo ni ya baadaye.

Kiwanda kilikuwa na vyoo vitatu. Cha daraja la kwanza kilikuwa hatua kumi kutoka kwenye mashine yangu ya kufuma: mlango wa kijani, kufuli la shaba, na ufunguo wake ulining'inia kiunoni kwa Meneja Utawala. Cha daraja la pili kilikuwa cha makarani, kule ofisini. Ukikikaribia na pamba kwenye nywele unaulizwa umetumwa na nani. Chetu, daraja la tatu, kilikuwa nyuma ya godauni, karibu na reli, shimo lenye mlango wa gunia. Kwenda na kurudi, mtu mwepesi alitumia dakika kumi. Sheria ilisema dakika tano. Aliyeitunga ni huyo Meneja Utawala, namtaja, na hakuwahi kuutembea ule mwendo hata siku moja.

Aliyeisimamia ni Karani wa Mahudhurio, naye namtaja: bwana mwembamba mwenye saa kubwa kuliko mkono. Alikaa kwenye stuli mlangoni na daftari lake. Ukichelewa, anakuchora kosa. Makosa matatu, jina lako linakwenda kwenye orodha ya wanaopunguzwa.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane na makosa mawili. Aliyewahi kubeba mimba anajua mtoto wa miezi minane anakalia nini. Baba yake alikuwa ameaga kwamba anakwenda Gairo kununua karanga, na mpaka leo hajazipata. Kwa hiyo ile kazi ndiyo ilikuwa mume wangu. Nikaacha kunywa chai. Nikaacha maji. Nikipita mbele ya mlango wa kijani nageuza uso, kama mtalaka anayepita kwa mume wa zamani.

Siku moja nikajikaza, nikamfuata Meneja.

"Shikamoo, mzee." Alinizidi labda miaka mitatu.

"Marahaba. Unasemaje?"

"Naomba nitumie kile choo cha hapa karibu. Mpaka nijifungue tu."

Akatazama tumbo, akatazama ufunguo. "Mama, leo nikikuruhusu wewe, kesho watakuja wote na matumbo."

Kwenye mashine ya jirani alikuwepo mama mtu mzima kutoka kule juu Mgeta. Kiwanda kizima tulimwita Shangazi. Angeweza kumzaa Meneja, na bado kila asubuhi alimwamkia shikamoo, kwa kuiogopa orodha. Nilipomsimulia, alifunga kwanza uzi uliokatika, halafu akauliza:

"Yule si Mnyamwezi?"

"Wa Tabora kabisa."

"Na sisi ni Waluguru. Basi ni mtani wetu huyo. Tumsubiri."

Hatukusubiri sana. Wiki ile ile mama yake Meneja akafariki, bibi aliyekula chumvi nyingi, mwenye vitukuu, kafia usingizini. Msiba wa namna hiyo hauliliwi sana, na hapo ndipo watani hujimwaga. Mtani ana haki zake msibani: anamwigiza marehemu, anaiba mboga jikoni, anazuia mazishi mpaka apewe anachotaka. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, ni aibu ya ukoo mzima.

Jumamosi makaburini daraja la kwanza walisimama mbele na miwani yao myeusi, daraja la pili nyuma yao, sisi tukawa kwenye majani. Hata kwa marehemu tulipangwa. Mchungaji akafungua kitabu. Hapo Shangazi akachomoka majanini, kajifunga kitenge cha marehemu, kashika mkongojo wa marehemu, akaingia kaburini na kujilaza, mkono chini ya kichwa.

"Mwanangu!" akaita kwa sauti ya kutetemeka. "Mwanangu, mama yako nimebanwa!"

Meneja akatabasamu kwa meno tu. "Toka, mtani. Nitawapa kreti la soda."

"Nakwambia nimebanwa, unanipa soda?"

Majani yote yakacheka. Hata daraja la pili walikohoa kidogo.

"Haya, mbuzi."

"Mbuzi ana choo chake kila anaposimama! Mimi nataka ufunguo. Mwanangu, safari ya mbinguni ndefu, na choo mlichonipa kiko nyuma ya godauni!"

Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka Uluguru. Mchungaji akanong'ona, "Ndugu, mvua hiyo." Karani akasogea na kumwinamia Meneja sikioni, lakini sote tulimsikia: "Mzee, nimchore kosa?"

"Leo Jumamosi, mjinga wewe!"

Tone la kwanza likamdondokea Meneja kwenye upara. Akafungua mkanda, akachomoa ufunguo, akautupa kaburini.

"Bado," akasema Shangazi. "Niamkie."

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mwanangu. Nitoeni, kuna baridi humu."

Jumatatu Shangazi akanikabidhi ufunguo. "Tangulia, mwenye tumbo." Nikafungua mlango wa kijani. Ndani kulikuwa na kioo, sabuni ya harufu ya waridi, na kiti cheupe. Nikakaa. Nilikuwa sijawahi kukaa ndani ya kiwanda kile. Daraja la tatu tulifanya kazi tumesimama na tulijisaidia tumechuchumaa. Miguu ikashukuru. Nikaendelea kukaa.

Nilipotoka, mashine zote zilikuwa kimya. Wafumaji wote walikuwa kwenye foleni, na wengi hawakubanwa, walitaka tu kuona. Karani alikuwa ananisubiri.

"Dakika kumi na nne," akasema. "Kosa la tatu." Akachora.

"Na mimi nichore," akasema Shangazi. "Sijagusa mashine tangu asubuhi."

"Na mimi."

"Bwana Karani, mimi umeniruka! Andika vizuri jina la baba yangu."

Akachora, akageuza ukurasa, akanyoosha vidole, akachora tena. Alikuwa anajaza ukurasa wa nne Meneja alipotokea, anatembea haraka huku amebana magoti.

"Hawa wote?"

"Wote, mzee. Wengi wametimiza matatu. Orodha imejaa."

"Na nguo atafuma nani? Wewe?"

Karani akatazama saa yake, kama vile jibu limo humo.

"Chana."

"Mzee?"

"Chana hilo daftari, unipishe!"

"Foleni, mtani," tukamwambia.

Akasimama nyuma yangu, maana mimi nilikuwa nimeshapanga foleni mara ya pili.