Mtazamaji wa Chovai

Mwanapili binti Famau hakuwa na sauti. Akijaribu kuimba, kuku wa Chovai walikuwa wakirudi bandani saa nne asubuhi. Kucheza pia hakujua, maana goti lake la kushoto lilikuwa na maoni yake. Hata hivyo hakuna arusi iliyofana kisiwani, wala kisiwa jirani cha Kudhaa, wala kwa matajiri wa Kismayo, bila yeye kuletwa kwa mashua, kupewa chai ya tangawizi na kukalishwa mstari wa mbele. Kazi yake ilikuwa kutazama.

Msicheke. Katika nyimbo za arusi za Wabajuni mwimbaji hutoa nusu ya ubeti, na nusu ya pili ni ya waliokaa. Sasa waliokaa wameshiba pilau, na mtu aliyeshiba pilau husahau hata jina la mamake. Mwanapili hakusahau. Aliitikia kwa wakati, alipiga kigelegele pale kilipostahili na si kabla, na aliyerudia ubeti wa arusi ya mwaka jana alimgunia mpaka akaukatiza mwenyewe. Waimbaji wabovu waliimba vizuri kwa kumwogopa. Wazuri waliimba mpaka bwana arusi akasahau kilichomleta. Halafu mwimbaji akikonga nyoyo, Mwanapili ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, kwenda mbele na kumtuza, yaani kuvua leso yake na kumvika mwimbaji begani, na wengine wote wakafuata.

Kila arusi alikwenda na kikapu cha makubazi kumi na moja yasiyo na wenzake. Alikuwa akiweka kubazi moja juu ya kila kiti anachotaka kumwekea mtu. Shekhe mmoja wa Kismayo alilihamisha mara moja. Alisimuliwa miaka sita.

"Mwimbaji ni mmoja," Mwanapili alikuwa akisema kwa Kibajuni chake. "Wachu wa kumharibia ni mia. Lazima awepo mchu wa kuwashika."

Kisha wakubwa wakagombania kiti kimoja kule Mogadishu, na katika kukigombania wakavunja vingine vyote nchini. Wenye bunduki walipofika Chovai walichukua mashine za mashua, nyavu, sufuria, na mlango wa choo cha imamu. Choo chenyewe walikiacha. Tangu siku hiyo imamu akawa anakohoa mfululizo kila anapokwenda haja, ili watu wajue pana mtu. Kitu kimoja tu hawakukigusa: pembe za nyati ambazo wanawake huzipiga kwa kijiti arusini. Walidhani ni uchawi. Kwa hiyo wanawake wa Chovai walipokimbia, mwaka wa 1992, walifika Mombasa bila chungu cha kupikia lakini wana pembe saba, na Mwanapili ana mwana wa kakake, Tima, ambaye wazazi wake walikuwa wamezikwa Kismayo. Tima ndiye aliyekuwa na sauti. Mungu alimruka Mwanapili akaiweka kwa mpwa.

Walikaa kambini, nje ya mji, miaka mitano. Walizoea foleni ya maji, foleni ya unga, na foleni ya kujua foleni iko wapi. Kisha likabandikwa tangazo: kambi inafungwa. Watu wote watapakiwa kwenye malori wapelekwe kambi za bara, kaskazini, kwenye nchi kavu ambako samaki hufika akiwa ndani ya kopo. Atakayebaki Mombasa ni mwenye barua ya kazi peke yake.

"Shangazi, kule hakuna bahari kabisa?" Tima aliuliza.

"Kuna mchanga," Mwanapili akasema. "Pwani ipo yote. Maji ndiyo waliyosahau kuleta."

Siku hiyo hakula. Mtu aliyezaliwa kisiwani ukimwambia ataishi mahali ambapo hasikii maji, umemwambia atazikwa na ataendelea kuulizwa habari gani.

Ndipo alipokuja Bakri, kijana wa Mombasa mwenye koti jeupe, aliyekuwa akiwatafutia burudani wakuu wa meli za watalii zinazotia nanga Kilindini. Alikuwa amemsikia Tima arusini kambini. Meli moja ingefika Jumanne. Ndani yake mna ukumbi wa maonyesho wenye viti mia nne. Mkuu wa burudani, Mzungu mmoja asiyecheka kazini, angewaona saa nane mchana. Akiridhika, angewaandikia barua ya kazi, waje kila meli inapofika.

"Na asiporidhika?" Tima akauliza.

"Malori ni Ijumaa," Bakri akasema.

Wanawake saba wa pembe, na Tima wa kuimba, wakawa wanane. Mwanapili alijihesabu wa tisa bila kuulizwa. Bakri alimtazama tangu ushungi mpaka goti.

"Huyu mama anapiga nini?"

"Hapigi. Anatazama," Tima akasema. "Bila yeye siimbi."

Bakri akashusha pumzi, akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa adabu za ukumbi, ambazo kila abiria wa meli hupewa, na akawasomea palepale getini, huku akikunja kidole kimoja kimoja.

"Fika mapema. Usimwekee mwenzio kiti."

Mwanapili akaficha kikapu nyuma ya mguu.

"Usisimame mbele ya mtu. Usiongee maonyesho yakiendelea. Usitoke katikati. Usikanyage jukwaa. Makofi ni mwisho, wimbo ukiisha."

"Nani amekufa?" Mwanapili akauliza.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ndivyo wanavyostarehe."

"Hata matanga kwetu yana kelele kuliko hiyo starehe."

"Mama, nisikilize." Bakri alimshika mkono kwa heshima, kama mtu anayemshika ng'ombe wa jirani. "Ukikohoa tu, barua hakuna. Utakaa nyuma kabisa, utafumba mdomo. Niahidi."

Mwanapili akamtazama Tima. Akaahidi, na mbele ya watu.

Jumanne saa nane mchana akakaa mstari wa mwisho, kwenye kiti chekundu ambacho ukiinuka hujikunja chenyewe kama kimekuchoka. Ukumbi ulikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki. Kushoto kwake alikaa bibi wa Kizungu mwenye sweta la maua. Kulia alisimama mkuu wa burudani na saa yake. Abiria mia nne, wazee watupu, walikaa kimya, mikono mapajani, kama wanaosubiri daktari awaite.

Pembe zikalia. Tima akasogea mbele, akaanza wimbo wa kufungulia arusi, wimbo ambao kila mtoto wa Chovai ameulalia:

*"Hodi hodi mwenye nyumba, mgeni yupo mlangoni..."*

Hapo mwimbaji hunyamaza. Waliokaa ndio wenye nyumba, na wao ndio husema karibu.

Wazee mia nne wakaheshimu adabu za ukumbi. Hata kiti hakikulia.

Wanawake wa pembe wakazungusha mapigo, wakamrudisha mwanzo. Tima akaimba tena, sauti imepungua kidogo: *"Hodi hodi mwenye nyumba..."*

Kimya. Mzee mmoja mstari wa tatu alitabasamu kwa kupendezwa, akaona marudio hayo ni ufundi.

Sasa, mwenye kujua adabu za kwetu anajua hodi ni tatu. Ukibisha mara ya tatu usipoitikiwa, unageuka unakwenda zako, na wimbo nao ni hivyohivyo: hodi ya tatu isipoitikiwa, mwimbaji anashuka, arusi imekataliwa. Mwanapili aliona wanawake wa pembe wakitazamana. Aliona mmoja ameanza kutafuta viatu vyake. Akamwona Tima anavuta pumzi, machozi yamemlenga, na mguu mmoja umekwisha geukia mlango.

Aliuma leso. Aliuma meno. Alimkumbuka Bakri, akakumbuka malori.

*"Hodi hodi mwenye nyumba, mgeni yupo mlangoni..."*

"KARIBUUU! MLANGO WAZI!"

Bibi wa sweta la maua akaruka inchi moja. Vichwa mia nne vikageuka. "Shhhh!" ukumbi wote ukasema, na hiyo ndiyo kelele ya kwanza waliyopiga tangu waketi. Mkuu wa burudani akanyoosha mkono kumzuia, lakini Mwanapili alikwisha simama, kiti kikajikunja nyuma yake paa! Kwa kuwa ahadi moja ilikwisha vunjika, aliona zilizobaki zinaonewa bure kuachwa nzima. Akakata katikati ya ukumbi, akasimama mbele ya kila aliyepaswa kutosimama mbele yake, akapanda jukwaani na kikapu chake cha makubazi, akavua leso akamvika Tima begani.

Kisha akawageukia wale wazee kama alivyokuwa akiwageukia watu wa Kismayo.

"Haya, nyinyi! Mna nini? Mgeni anabisha! Semeni karibu!"

Kiswahili chote walichokijua kilikuwa maneno mawili waliyofunzwa bandarini asubuhi ile, na bahati ilikuwa upande wa Mwanapili, maana moja lilikuwa hilo.

"Karibu," wakasema kumi.

"Hamkula leo? Semeni!"

"KARIBU!" wakasema mia nne.

Tima akacheka, machozi bado yako shavuni, na sauti ikamrudia. Lo, ikamrudia! Bibi wa sweta la maua akafikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu maisha yake yote, na utaratibu wa hapa aliuona kwa macho yake. Akainuka, akavua sweta, akaenda mbele polepole akamvika Tima. Mzee wa mstari wa tatu akafuata na kofia. Baada ya hapo wakapanga foleni, kwa adabu kabisa, hakuna aliyesukuma: skafu, vesti, miwani ya jua, taulo la bwawani. Wimbo wa tatu Tima aliuimba akiwa pua na macho tu.

Mcheza mazingaombwe wa meli, ambaye zamu yake ilikuwa imeshapita akiwa bado nyuma ya pazia la pembeni na njiwa kifuani, alimwendea mkuu wa burudani. Kwa miezi minane, alisema, watu walikuwa wakimtazama kama taarifa ya hali ya hewa. Yeye hatoki tena mpaka mama yule akae mbele. Wakamkalisha. Njiwa alipotoweka, Mwanapili alipaza sauti, "Mwongo wewe! Yumo mkononi mwa shati!" Ukumbi ukavunjika kwa vicheko, njiwa naye akatoka kwenye shati kuthibitisha.

Mkuu wa burudani aliandika barua, moja kwa kila mtu, akiwa bado anajifuta macho. Majina manane, wapiga pembe na mwimbaji. Halafu akauliza la tisa aliandikie kazi gani. Bakri, koti jeupe limelowa jasho, akamwambia kilichokuwa kweli. Ikaandikwa: Mtazamaji.

Alhamisi asubuhi afisa wa orodha kambini aligonga mihuri minane bila neno. Barua ya tisa aliisoma mara mbili, akaiweka kando.

"Mama, hii si kazi. Kutazama! Mimi hapa natazama watu elfu kila siku."

"Na wewe nani anakutazama, mwanangu?"

Afisa akafungua mdomo kumfukuza. Akaufunga.

"Hakuna," akasema.

"Ee!" Mwanapili akasema, akavuta kiti, akaketi mbele yake, mikono magotini. "Toka lini?"

"Toka niletwe hapa. Miaka minne naomba uhamisho."

"Minne!"

"Minne, mama! Barua kumi na mbili nimeandika!"

"Wakasemaje?"

"Wameniambia nisubiri!"

"Astaghfirullah! Wewe?"

"Mimi!" Afisa akasimama. Alisimulia juu ya bosi wake, juu ya nyumba inayovuja, juu ya shemeji. Kila alipokwama Mwanapili alimsukuma, kila alipopatia alimgunia kwa utamu, na foleni iliyokuwa nje ikasogea dirishani ikaanza kuitikia nayo. Alipomaliza jasho linamtoka, na alionekana mrefu kuliko alivyokuwa asubuhi. Akauinua muhuri, akausimamisha hewani juu ya barua.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "Jumanne ijayo wanakuja wakubwa kuifunga kambi rasmi. Nina hotuba. Unaweza kuja kukaa mbele?"

Tima, mlangoni, akafumba macho.

"Jumanne nina meli," Mwanapili akasema.

Muhuri ukabaki hewani. Afisa akautazama, akamtazama mama, akatazama kalenda ukutani.

"Jumatano je?"

"Jumatano nitakuja."

Muhuri ukashuka. Wakubwa walipelekewa habari mchana uleule kwamba, kwa sababu zisizozuilika, ziara yao imesogezwa mbele siku moja.