Pale Katikati Alipotakiwa Kuimba Shemeji

Muziki sijafundishwa na mtu. Kompyuta nilijifunza kwa kubonyeza hovyo mpaka ikakubali, kwenye chumba kimoja hapa Issuna, ukutani nimebandika trei za mayai. Ndiyo studio.

Rafiki yangu, tuliyekua naye, alifiwa na mkewe mwaka jana tukiwa tunavuna alizeti. Miezi mitatu hakugusa gitaa. Asubuhi moja akaja, akakalia ndoo, akasema anataka kumtungia marehemu wimbo wa mapenzi wa kizamani. Gitaa mbili, moja inabembeleza, nyingine inajibu. Besi inatembea taratibu. Tumba. Basi.

"Kaka, hiyo ni ya enzi za babu," nikamwambia. "Tuweke biti nzito kidogo, watu wacheze."

"Watu gani?"

"Wasikilizaji."

"Msikilizaji wangu nimeshamzika. Kama hutaki sema, niende Singida mjini."

Nikawasha kompyuta. Na mimi kukubali kushindwa ni kazi, wote wanajua.

Akatoa simu. Ndani mlikuwa na sauti ya shemeji, kama nusu dakika hivi, yuko uani anapepeta uwele huku anaimba kiitikio alichokuwa anakitunga mumewe. Ungo unasikika, kuku wanasikika. Hakuna sauti nyingine yake iliyobaki. Rafiki yangu akataka ikae katikati ya wimbo: gitaa zinyamaze, zibaki tumba, aimbe mkewe.

Gitaa alipiga siku mbili, macho kafumba. Halafu akaenda shambani, nikabaki na ile sauti.

Shemeji alikuwa anaimba chini kidogo ya gitaa. Tena noti alikuwa anachelewa kuifikia, anaivuta polepole kama ndoo ya kisimani. Mimi nikaona ni kosa. Nikainyoosha kwa programu ikakaa sawasawa na gitaa. Nikafuta ungo, nikafuta kuku. Kompyuta ilikuwa imejaa, nikahifadhi kazi juu ya faili lile lile la mwanzo, la mwanzo likafutika. Na kwenye simu haikuwepo tena, maana nilikuwa nimeihamisha badala ya kuinakili. Mimi siku zote nahamisha, ndivyo nilivyojifundisha.

Jioni alirudi na vumbi la shamba miguuni. Nikamvalisha hedifoni, najisifu kabisa, namwambia sikia ilivyo safi. Akasikiliza mpaka katikati. Akazivua.

"Huyu nani?"

"Shemeji."

"Siye, mwanangu. Niwekee yeye."

Sikuwa naye wa kumwekea. Nikamweleza nilichofanya. Nilitaka anipige. Ningekuwa mimi, ningempiga mtu na kompyuta ningeivunja. Yeye alikaa tu, anashikashika simu yake.

"Toa hiyo uliyonyoosha," akasema mwishowe. "Pale paache wazi."

Wimbo ukatoka hivyo. Katikati gitaa zinanyamaza, tumba zinaenda zenyewe kama nusu dakika, halafu gitaa zinarudi.

Mwezi huu ulipigwa gulioni. Muuza mitumba mmoja akacheka: "Hapa jamaa kasahau maneno yake." Nikamkunja shati pale pale. Rafiki yangu akanibandua mkono, kidole kimoja kimoja.

"Ni kweli, kaka," akamwambia yule muuzaji. "Niliyasahau."

Mpaka leo hajamwambia mtu kwamba ni mimi.