Nilikuwa DJ wa house Tukuyu miaka ya tisini, na kaka yangu hakuachia maiki

Wakuu, heshima zenu.

Juzi kuna jamaa humu kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba watu wa Mbeya na Rungwe wameanza kusikia muziki wa house baada ya smartphone kuingia. Nimesoma nikakereka mpaka chai ikapoa.

Nimeamua niandike yaliyonikuta. Sijaongeza chumvi, na sehemu zinazonidhalilisha sijazitoa. Majina nimebadilisha, maana wahusika wapo hai na mmoja analala chumba kimoja na mimi.

Twende.

Mimi niiteni Amba, mzaliwa wa Kyimo, jirani na Tukuyu. Nyumbani tulikuwa na migomba, chai kidogo, na mzee ambaye ni mzee wa kanisa. Kaka yangu mkubwa, nimwite Asegelile, alikuwa anauza maharage na ndizi mpaka Dar.

Ilikuwa kipindi kile vitu vya nje vimeanza kuingia kwa fujo. Mitumba imejaa, kila duka lina redio za Kichina. Siku moja kaka akarudi toka Dar na deki mbili za kanda, amplifaya, maiki na mikisa ndogo. Spika akamchongesha fundi seremala pale Tukuyu, kubwa kama kabati la nguo.

Akaniambia tunaanzisha disco. Yeye mwenye vyombo, mimi DJ, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nafungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa zinaongea.

Tukapata ukumbi Tukuyu mjini. Disco letu lilikuwa la mchana, Jumapili na sikukuu, saa nane mpaka saa kumi na mbili. Usiku wazazi wasingekubali, na mzee wetu ndiye angekuwa wa kwanza kuja na fimbo.

Sasa house niliipataje?

Kulikuwa na dereva wa lori la mizigo, njia ya Malawi. Alikuwa akifika Kyimo anasimama kuchukua ndizi. Siku moja nikamsikia kwenye lori lake anapiga kitu sijawahi kukisikia. Hakuna mwimbaji, hakuna gitaa. Ngoma inagonga tu, halafu polepole vitu vinaingia juu yake kimoja kimoja, halafu vinaondoka.

Wakuu, nilisimama pale barabarani kama nimepigwa shoti.

Nikampa mikungu miwili, akanipa kanda mbili hazina hata jina. Toka siku hiyo kila akipita tunabadilishana.

Nikawa najifunza kuunganisha. Deki za kanda hazina sehemu ya kubadili spidi, nikafungua mfuniko, nikakuta kuna skrubu ndogo kwenye mota. Ukiikaza kidogo, kanda inaenda haraka. Ukiilegeza, inapoa. Hivyo mkono mmoja upo kwenye mikisa, mwingine umeshika bisibisi ndani ya deki, na ngoma ya kanda hii inaingia ndani ya ngoma ya kanda ile bila mtu kujua. Sikuwa nimefundishwa na mtu.

Na hakuna aliyejali.

Watu walitaka bolingo, muziki wa Kikongo. Nikiweka house wanasimama, wananiangalia kwa huruma. Kuna harusi moja Mpuguso, nimeunganisha kanda mbili vizuri mpaka mwenyewe nywele zimesimama, mama mmoja mtu mzima akaja taratibu mpaka mezani akanipa penseli. Alidhani kanda imenasa, akaniletea ya kuizungushia. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, mama. Ningefanyaje?

Lakini hao wote walikuwa afadhali. Tatizo langu lilikuwa kaka.

Kaka alikuwa na ugonjwa wa maiki. Mimi nimetoa besi, naijenga ngoma, nahesabu, bado kidogo niirudishe besi watu waruke. Hapo hapo ndipo anaingia.

"Mugonile, hamjambo! Walimu wa Mpuguso nawaona pale nyuma, karibuni sana. Kuna mbuzi mweupe kapotea Suma, mwenye taarifa amuone mama muuza soda."

Kila Jumapili. Mbuzi, salamu, gari la Kyela linaondoka, fulani kapata mtoto wa kiume. Na watu wanacheka, wanamshangilia! Besi yangu inarudi hakuna anayeisikia.

Nilimlalamikia sana. Ananiambia vyombo ni vyake.

Mtu pekee aliyekuwa anasikiliza ni nesi mmoja, Rehema, mtu wa Tanga, alipangiwa kazi Tukuyu na alikuwa analia na baridi. Alikuwa anakaa karibu na spika, nadhani mwanzo alifuata joto la amplifaya.

Basi, ikafika Jumatatu ya Pasaka. Kuna tajiri wa Mbeya mjini, nimwite Bwana Sanga, alikuwa na ukumbi mkubwa na anatafuta DJ. Akatuma ujumbe kwamba anakuja kunisikiliza. Kunisikiliza MIMI.

Wiki nzima nilipanga kanda. Asubuhi ya siku ile nikamwendea kaka kwa adabu zote.

"Kaka, leo naomba usishike maiki."

"Sasa nani atawasalimia watu?"

"Leo wasisalimiwe."

Akakubali. Na lazima niseme ukweli, alitimiza. Saa nzima alikaa mlangoni mikono nyuma.

Na hiyo saa nzima ukumbi ulikuwa kama kliniki. Watu wamejipanga ukutani. Mimi nimeinamia deki, bisibisi mkononi, naunganisha vitu vya ajabu, nikiinua kichwa naona Bwana Sanga anaangalia saa.

Halafu ikaja mvua. Mnaoijua Tukuyu mwezi ule mnaelewa. Ile mvua kwenye mabati hata ukipiga kelele hujisikii. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, umeme ukakatika.

Watu wakaanza kusogea mlangoni. Kutoka hawawezi kwa mvua, kubaki hawana cha kubakia. Mmoja akaanza kusema wamedanganywa.

Kaka akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Akapanda juu ya kreti la soda, bila maiki, akaanza kuongea. Simulizi nusu Kiswahili, nusu Kinyakyusa, za shemeji aliyeogopa ng'ombe wa mahari. Akawafundisha kupiga makofi. Upande huu hivi, upande ule vile. Akawa anaita, wanaitikia, miguu inagonga sakafu, na wale walimu wa Mpuguso wakaanza kucheza. Ukumbi mzima ukacheza bila umeme, mvua inapiga, mimi nimesimama pembeni ya mashine iliyokufa.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kaka yangu dakika zile. Naandika tu ukweli.

Mvua ilipopungua Bwana Sanga akaja kwangu, akanishika bega.

"Kijana, mashine unaijua. Lakini wa mashine nitampata. Namtaka yule."

Kaka alimwambia hawezi kwenda bila mdogo wake. Bwana Sanga akakubali tuende wote. Aliyekataa ni mimi. Nikasema siendi kuwa mshika nyaya wa mtu anayetangaza mbuzi. Kaka akanibembeleza siku mbili, akachoka, akapakia vyombo akaenda Mbeya.

Mimi nikabaki Kyimo nachuma chai. Kikapu mgongoni, umande mpaka kiunoni, kanda zangu kwenye boksi chini ya kitanda na sina cha kuzipigia. Mzee alifurahi sana, akadhani nimeokoka.

Miezi mitatu nilikuwa namlalamikia Rehema kila tukikutana. Kaka hivi, kaka vile, watu wa Tukuyu hawajui muziki. Siku moja akachoka.

"Amba," akaniambia, "wewe unawapigia watu muziki kama unawasimamia mtihani. Hata siku moja hujawaangalia usoni. Unataka wafaulu."

Sikumsemesha wiki nzima. Halafu Jumapili nikabeba boksi langu la kanda nikaenda Mbeya.

Nafika ukumbini, nimelowa, nimesimama mlangoni nasubiri mapumziko nimuombe kaka radhi faragha. Akaniona. Mnajua alifanya nini? Akashika maiki mbele ya ukumbi uliojaa, akatangaza kwamba mdogo wake aliyekuwa amenuna Kyimo kafika, wampishe. Wakanipisha, wanacheka, mpaka kwenye mashine.

Kwa hasira nikaweka house. Nikasema leo waondoke wote.

Kaka hakunyamaza. Ila safari hii nilimwangalia. Nikatoa vitu vyote nikamwachia ngoma tupu, nikasubiri nione atafanya nini. Akaanza kuita vituo kama kondakta, kwenye mapigo yale yale: Uyole, Isyonje, Kiwira, Kyimo, Tukuyu! Kila kituo wenyeji wake wanapiga kelele. Alipofika Kyela nikarudisha besi.

Wakuu, ukumbi uliruka.

Toka siku hiyo tulifanya kazi miaka sita. Hakuna mtu Mbeya aliyekuwa anauliza hii ni kanda gani, imenasa au vipi. Wanacheza house toka saa nane mpaka jioni, CD zikaingia, tukapata vyombo bora. Na miaka yote sita watu waliita disco la Asegelile. Mimi barabarani nikawa "yule mdogo wake".

Halafu kaka akaokoka kwelikweli, akarudi Kyimo, akaoa. Mimi nikasema sasa ndiyo zamu yangu. Nikapiga peke yangu, bila mbuzi, bila salamu.

Mwezi wa pili ukumbi ulikuwa nusu. Wa nne, Bwana Sanga akaniambia kwa upole kwamba ameamua kuweka maduka.

Nikapanda gari mpaka Kyimo. Nikamkuta kaka anapogoa migomba. Nikamwambia nilichopaswa kumwambia siku ile ya Pasaka, kwamba watu walikuwa wanamfuata yeye.

Akaendelea kukata majani makavu.

"Mimi huo muziki wako sijawahi kuupenda, Amba. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilikuwa naongea ili nisiusikie."

Nikamuuliza sasa miaka sita ulikaa nao wa nini?

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kipuuzi.

"Si wewe ulikuwa unaupenda?"

Basi wakuu. Baadaye nilipiga Mbeya na Dar, nilipata watu wangu, Rehema nilimuoa, na harusini maiki alishika nani mnajua. Alitangaza hadi basi la Tanga linaondoka saa ngapi. Nilikereka kweli.

Nilichojifunza ni hiki: kipaji kipo, lakini angalia vizuri nani anayekuletea watu wa kukiona, hata kama anakutia hasira kila siku. Mwambie mapema. Mimi ilinichukua miaka sita na ukumbi mtupu.

Waliowahi kufika disco za mchana Tukuyu au Mbeya enzi zile, njooni mtoe ushahidi. Na wewe mkuu uliyeandika habari za smartphone, nakusubiri hapa hapa.