Mkasi Asasisha Simu

Mtaani walimwita Mkasi, na si kwa ushonaji peke yake. Mdomo wake nao ulikata. Mteja akilalamika kwa ujumbe, jibu lilimfikia kabla hajaiweka simu chini.

Simu yake ilikuwa na miaka saba na ufa kwenye kioo, ila haikuwahi kumwangusha. Wiki nzima ilimwomba ruhusa ya kusasisha mfumo. Akachoka kusumbuliwa, akabonyeza "Kubali", akaendelea kupinda suruali.

Ilipowaka tena ilikuwa imependeza, lakini mwendo wake sasa! Unagusa, inawaza kwanza. Ikapata moto, nusura inyooshe kola.

Akampigia dada yake. "Dada, wameniulia simu!"

"Nani akuulie? Mfumo mpya umetengenezwa kwa simu za leo, huyo bibi yako umembebesha mzigo wa vijana. Na kuurudisha wa zamani ni kazi. Futa makorokoro, ukabadilishe na betri."

"Nitaenda kesho."

Kesho ilikuwa mbali. Punde ukaingia ujumbe wa mwalimu, mteja wake wa siku nyingi: "Gauni halipandi hata kiunoni. Ulimpima nani?"

Mkasi alipanda mori. Akaandika: "Nilikupima wewe, kabla hujamaliza keki za mji mzima." Akatuma. Kiduara kikazunguka weee, simu ikaganda.

Hazikupita dakika kumi, mwalimu huyo mlangoni, mfuko mkononi, hoi kwa kicheko. "Shoga, nisamehe! Nilikuwa nahangaika na gauni la binti yangu. Kitambaa kimoja, nikachanganya mifuko."

Mkasi akacheka naye huku jasho likimtiririka. Akabonyeza kitufe cha kuzima. Simu ikawaza.

Mara pochi ya mwalimu ikalia. Akatoa simu, akasoma. Kicheko kikakatika.

"Keki?"

"Mwalimu wangu, hiyo niliandika kabla hujaingia."

"Kabla hujaniuliza, sema hivyo."

Mkasi akaiweka simu mezani. "Nimekosa, dada yangu. Nisamehe," akasema, na safari hii hakutia utani.

Mwalimu akaguna. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na gauni lake halisi, limemkaa kama kamwagiwa. Akajigeuza mbele ya kioo mara mbili. "Pindo lipande kidogo," akasema. "Na hayo maneno yako yafute, nikiona."

Wakakaa bega kwa bega wakitazama kiduara kikizunguka. Kilipofika dakika ya nne, mwalimu akashindwa kujizuia, akaangua kicheko upya.