Mahindi Niliyosema Nimeyang'ata

Juzi nilifungua gunia la mahindi nililonunua sokoni Moshi, ikanipiga harufu ya ukungu, nzito na yenye uvuguvugu. Nililifunga haraka nikakaa chini. Muuzaji alikubali kunibadilishia bila ubishi, akashangaa kuniona nalia kwa ajili ya gunia moja.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, na nyumbani mlimani tulibaki Mama, mimi na mdogo wangu Aminieli, mtoto wa miezi minane. Homa ilikuwa imemkausha Mama maziwa, kwa hiyo Aminieli aliishi kwa maziwa ya Kijivu, ng'ombe ambaye hata hakuwa wetu. Alikuwa wa jirani, Mzee Elia, aliyetupa tumtunze kama ilivyo desturi yetu Wachagga: ndama ni wa mwenye ng'ombe, maziwa na mbolea ni vya mtunzaji.

Kijivu hakujua malisho. Alikula bandani mwaka mzima, na chakula chake tulikipandisha kutoka shamba la chini, kichwani. Mahindi yaliyonona yalikwenda darini, juu ya moshi wa jiko. Madogo na yenye mapengo yalikuwa yake: tuliyapukuchua, tukayaanika mkekani, tukayafungia kwenye pipa. Baadaye yalitwangwa na kuchanganywa na pumba.

Lakini kabla ya kuyafungia ilikuwa lazima kuyang'ata, punje moja moja, kutoka kila upande wa mkeka. Punje kavu hupasuka ka! mpaka aliye jikoni asikie. Mbichi hubonyea kimya. Kazi hiyo ilikuwa yangu, nami siku ile nilikuwa na jino linalotikisika, na wenzangu walikuwa wananisubiri tukateleze kwenye magome ya migomba.

"Umeng'ata?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Nimeng'ata, Mama."

Sikung'ata hata moja.

Pipa lile tulilifungua wiki kadhaa baadaye, au niseme nililifungua mimi. Ilikuwa likizo, na Mama alikuwa akishinda kwenye shamba la kijiji, maana kazi za ujamaa hazikuwa na udhuru. Kulisha kukawa kwangu. Nilipotia mkono, mahindi yalikuwa ya moto na yameota ukungu wa kijani. Nilijua, wala sitajisingizia utoto. Niliogopa fimbo tu. Nikayatwanga, nikazidisha pumba kuficha harufu, nikamlisha Kijivu wiki nzima.

Kwanza maziwa yalipungua, kisha akaacha kula. Bwana mifugo alipokuja alinusa pipa akatikisa kichwa. "Mama, huyu amelishwa mahindi yaliyooza." Kesho yake Kijivu alikufa.

Mama alinitazama mara moja. Alikwenda mpakani akachuma jani la isale, ambalo kwetu ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukunyima msamaha. Nilimfuata hadi kwa Mzee Elia.

"Shikamoo, baba. Kosa ni langu," alisema, amepiga magoti. "Sikuyang'ata mahindi."

Mzee alilipokea jani. "Marahaba. Inuka, mama. Yameisha."

Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi.

Aminieli alibaki na uji mtupu. Alikonda mpaka tukaogopa kumwogesha. Ndipo mama mdogo akaja kutoka Kirua Vunjo. Alikuwa na ng'ombe wawili, na hakuwa na mtoto. Akambeba mgongoni. "Mpaka apate nguvu, dada," alisema. Nguvu alipata. Ila sisi hatukupata ng'ombe mwingine, na mtoto akawa amezoea kule, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya yule aliyemponya.

Alikuja kututembelea Krismasi, ana miaka minne, amevaa viatu. Alisimama mlangoni kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama mkubwa," akamwambia Mama.

"Marahaba, baba. Karibu," Mama alijibu. Akampa ndizi mbivu, akamuuliza habari za safari. Kisha akachukua mundu, akasema anakwenda kukata majani ya ng'ombe.

Nilicheka, kwa sababu hatukuwa na ng'ombe. Nilikuwa nimeshazaa mwanangu mwenyewe nilipoelewa Mama alikwenda kufanya nini kule migombani.