Tuta la Mbele ya Skuli

Asubuhi ile gari la kwanza lilipokwepa tuta na kuingia pembeni, pale wanapopita watoto, nilidhani mimi na wenzangu wa kamati tumemuua binti yangu. Hakuguswa, alhamdulillahi. Sijui kama nitaeleza sawa, maana kusoma kwangu kulikatika mapema.

Serikali ya jimbo ilituita kwenye kamati hapa Kismayo tupange mpango mmoja wa kupunguza vifo na majeraha ya barabarani, uanzie hapa ufike miji yote ya jimbo. Mimi nauza mahamri karibu na skuli, wazazi wakanichagua niwasemee. Mama yangu hakupenda. "Kwetu kisiwani Koyama hakuna gari," alisema kwa Kibajuni chake. "Mchu hufa kwa maji au kwa siku yake. Wewe wataka nini na barabara za watu?"

Nikaenda hivyo hivyo. Muuguzi wa hospitali alitueleza majeruhi wanavyorushwa nyuma ya gari kama magunia, wakafika wameumia zaidi. Tukakubaliana madereva wafundishwe kubeba majeruhi, na mbele ya kila skuli kuwe na tuta la kupunguza mwendo. La skuli yetu liwe la kwanza. Likifaa, mengine yafuate jimbo zima.

Akasimama dereva wa lori, msemaji wa madereva.

"Mama, mwaniwekea udongo mpya barabarani, nani ataupanda?"

"Sema tu mwendo ndio unaokuuma," nikamjibu. Watu wakacheka.

"Unaniuma, ndiyo," akasema, naye akacheka. "Lakini na miguu yangu naipenda."

Nilimwona mkaidi. Kwa haki niseme: mwendo alikuwa anaupenda, na alilosema lilikuwa kweli. Yote mawili. Wale wa ofisi ya jimbo nao hawakumpuuza, waliahidi tuta litapakwa rangi nyeupe lijulikane. Rangi ikachelewa. Tuta likajengwa jioni watu wakiwa majumbani, asubuhi wakaamka wakalikuta.

Hapa kwetu udongo mpya barabarani una maana moja tu. Kila nyumba inamjua mtu aliyepita juu ya pahali palipofukuliwa, bomu likamchukua. Basi madereva hawakupunguza mwendo. Walikata pembeni, kasi ile ile, kwenye njia ya watoto. Baada ya lile gari la kwanza ikaja bajaji, ikapita karibu na binti yangu mpaka mtandio wake ukapeperuka.

Niliacha karai motoni nikakimbia. "Warya, we bwana! Pita juu! Ni tuta tu!"

Dereva wa bajaji akasimama mbali. "Kama ni tuta tu, mama, pita wewe."

Nilijua limejengwa na mafundi wetu. Lakini usiku kucha lilikuwa peke yake, halina mlinzi, na nani angejua kilichoongezwa humo? Nyuma yangu magari yalikuwa yanazidi kuja, na watoto pia. Nikasoma shahada. Nikapanda.

"Mama, shuka!" binti yangu akapiga kelele.

Mguu wa kwanza haukuwa mzito kama wa pili. Nilipofika upande wa pili nilitaka kukaa chini, lakini niliona hakuna aliyesogea, nikarudi tena juu yake. Ndipo nikasikia lori. Alikuwa yule msemaji wao, kichwa nje ya dirisha, uso umemkauka.

"Toka hapo sasa, mama, nisije nikakukanyaga mimi."

Akalipanda polepole. Wengine wakamfuata.

Kamati ikakutana tena. Tumekubaliana matuta yote ya jimbo yajengwe mchana mbele ya watu, yapakwe rangi siku hiyo hiyo, na kila moja liwe na mlinzi wa usiku. Letu limeshapakwa rangi. Mlinzi bado hajapatikana.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla watoto hawajafika, nalipanda mimi kwanza mbele ya madereva. Sijazoea. Binti yangu namwacha mbali, kwenye baraza ya duka.

Jana akaniambia, "Mama, leo nipande mimi. Si umesema ni tuta tu?"

Nikamshika mkono kwa nguvu mpaka akalia. Nilitaka kumwambia ndiyo, ni tuta tu, kama ninavyowaambia madereva. Sikuweza. Nikamrudisha barazani, nikaenda peke yangu.